Nyekundu ya Mama Kiden

Kambale aliitwa Tope, na tusimwonee huruma mapema, maana jina lilimkaa. Alikuwa fundi rangi pale Arua, Uganda, katika uchochoro ulio nyuma ya soko, na rangi zake alizitengeneza mwenyewe. Alichukua oksaidi, unga ule ule ambao watu hutia kwenye sakafu ya saruji, akauchanganya na gundi nyeupe, maji na maneno mengi. Alikuwa na oksaidi nyekundu, njano na nyeusi. Nyekundu yake ilitoka tope la masika, njano yake tope la kiangazi, na nyeusi yake tuiache. Zilikuwa rangi za kudumu, hilo hakuna aliyelikana. Taabu ni kwamba hakuna aliyetaka zidumu.

Alikuja kutoka Butembo, Kongo, miaka ishirini iliyopita, akaoa, akazaa, akajenga vyumba viwili, na kwa mtu mwingine hayo yangetosha. Yeye alitaka kitu kimoja zaidi. Alitaka siku moja, kabla hajafa, mtu mmoja aitazame rangi yake na aseme: ndiyo hiyo, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Hata mtu mmoja tu. Mke wake, Laetitia, alikuwa amekataa kusema hivyo, kwa sababu ni mlokole na uongo ni dhambi.

Basi mtu huyo alikuja, au alielekea kuja, pale Taban alipoingia uchochoroni. Taban alikuwa ajenti wa mizigo mpakani Oraba, njia ya Sudan Kusini, mtu wa malori na mihuri, mwenyeji wa Koboko. Baba yake, Sajini Tongun, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akazikwa nyumbani kando ya barabara ya Oraba, kaburi likajengwa kwa saruji nzuri. Lakini sala ya kumaliza matanga ilikuwa imeahirishwa mara tatu. Mama yake, Mama Kiden, alikuwa amesema hakuna sala wala pilau mpaka kaburi lipakwe rangi ya bereti ya marehemu, ile nyekundu aliyoivaa siku alipokuja kumposa.

"Bereti iko wapi, nione?" Kambale aliuliza.

"Tulimuzika nayo. Iko kichwani yake."

Kwa hiyo ushahidi ulikuwa chini ya saruji, futi sita. Picha zilizobaki zilikuwa nyeusi na nyeupe. Na Koboko ni mji ambao nusu ya nyumba zimewahi kufua sare za jeshi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na bereti yake ya kukumbuka. Mjomba mmoja aliapa ilikuwa ya zambarau. Jirani alisema ya kahawia. Mwenye neno la mwisho alikuwa mjane, na mjane, Taban alieleza huku akitazama viatu vyake, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Amepasuliwa?"

"Anakataa. Miaka sita anakataa. Tangu mwaka jana anasema yule aliyekuwa anamutazama amekwisha kuzikwa, sasa atazame nini."

Fundi mwenye akili zake angekataa kazi hiyo palepale. Kulinganisha rangi na kofia iliyozikwa, mbele ya jaji asiyeona, si kazi, ni adhabu. Lakini Kambale alisikia jambo moja tu: kwamba yuko mama mmoja Koboko anayengoja rangi, na akiiona ataijua. Akakubali hata kabla ya kuuliza malipo, na Laetitia aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni akatikisa kichwa.

Alikwenda Koboko na ubao wa kwanza, nyekundu safi ya oksaidi, kazi nzuri kwa kweli. Mama Kiden alikuwa ameketi kwenye kibaraza, mwanamke mwembamba mwenye shingo iliyonyooka, kiti chake kimeelekezwa kaburini. Kambale akampelekea ubao mbele ya uso.

"Hii iko tofali," Mama Kiden alisema.

"Mama, iko nyekundu kabisa."

"Fundi, mume yangu hakuvaa tofali."

Akarudi Arua. Akaongeza oksaidi, ikawa tofali lililoiva. Akapunguza, ikawa tofali bichi. Akatia njano kidogo, akatia nyeupe, akaenda Koboko mara ya pili, ya tatu, ya tano, na kila mara mama aliinua kidevu, akasema tofali. Laetitia akaanza kumuuliza kama huko Koboko anaposa. Majirani wa uchochoroni wakaanza kumwita Tope wa Mataifa, kwa vile sasa alikuwa anashindwa wilaya mbili.

Ukombozi ulitoka kwa Théodore, Mkongomani mwenzake aliyechapa fulana duka la tatu kutoka kwake. Asubuhi moja Théodore alianika fulana za mbio za hisani, na Kambale alipotoka nje na mswaki mdomoni, maandishi ya ile fulana yalimpiga machoni hata akafumba. Yalikuwa mekundu, yakielekea rangi ya chungwa, na yalikuwa yanawaka mchana kweupe.

"Hiyo ni nini umetia pale?"

"Ni unga wa fulorosenti. Inakula jua, halafu inatapika mwangaza kuliko ile ilikula," alisema Théodore, ambaye alipenda kueleza mambo. "Lakini haina maisha marefu. Jua inaiwasha, na jua hiyohiyo inaiua."

Kambale aliomba nusu kopo. Jioni hiyohiyo akaumwaga ule unga kwenye oksaidi yake, akakoroga, akapaka, akangoja kuche. Asubuhi akatoa ubao juani. Tofali.

Hapo ndipo alipojua tabia ya oksaidi, rafiki yake wa miaka ishirini. Oksaidi ni mlafi wa mwanga. Ukimpa mwanga anaumeza wote, wa jua na wa jirani, hakurudishii hata chembe. Ule unga ulikuwa unawaka humo ndani, lakini unawakia tumboni mwa mlafi. Kambale alihangaika nao wiki tatu. Akili ilimjia polepole: kwanza apake nyeupe tupu chini, ili mwanga ukipita upate pa kugonga na kurudi, halafu juu yake oksaidi kijiko kimoja tu kwa unga vijiko vinne, gundi nyepesi, mikono mitatu myembamba, yaani apake mara tatu. Oksaidi ilipopunguziwa sahani ikawa na adabu. Iliipa rangi uzito, ikaizuia isionekane ya peremende, na ule unga ukaipa uhai. Ndani ya karakana ubao ulionekana wa kawaida tu, umepooza. Akautoa nje.

Laetitia alikuja, akaweka kiganja juu ya nyusi, akautazama kwa jicho moja. "Hii itaonekana mpaka Butembo," alisema. Kambale aliipokea kama sifa.

Safari ya sita alifika Koboko saa sita ya mchana. Mama Kiden alikuwa palepale. Kambale akamwonyesha ubao kibarazani, chini ya bati.

"Tofali," alisema mama, kwa uchovu.

Kambale hakubishana. Alirudi nyuma hatua nne, akatoka kivulini, akauinua ubao juani kifuani mwake. Mama Kiden alikuwa ameshaanza kugeuza uso. Akasita. Uso ukarudi. Taban, aliyekuwa anaongea kwa simu, akaikata katikati ya neno.

"Usitoe," alisema mama. "Usiitoe hiyo."

Akainuka. Mwanamke aliyekuwa akishikwa mkono kwenda hata chooni aliteremka ngazi mbili peke yake, akavuka ua, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Kambale, akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao. Rangi haikuwa imekauka vizuri, ikamshika mikononi.

"Ni hii," alisema. "Fundi, ni hii."

 Kambale alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alitazama pembeni, akajifanya anakagua kaburi, na machozi yakamtoka vizuri tu, hakuna aliyemuuliza.

Kaburi likapakwa. Sasa, mimi sitaki kutia chumvi, lakini kaburi lile lilikuwa linapiga kelele. Lilikuwa na rangi ya jaketi la mwendesha bodaboda mpya, jaketi ambalo bado halijaonja vumbi. Madereva wa malori ya kwenda Oraba walianza kupiga honi wakifika pale. Watu wakaanza kuelekezana njia: ukiona kaburi, kata kushoto. Mpakani wenzake wakamuuliza Taban kama mzee aliwahi kubeba abiria. Katekista alikuja, akakohoa, akasema kwa upole kwamba kaburi la Mkristo lapendeza likiwa na utulivu.

"Katekista, wewe unaona rangi ngapi hapa duniani?" Mama Kiden alimuuliza.

"Nyingi, mama."

"Mimi naona moja."

Katekista akanywa chai yake. Sala ikasaliwa, pilau ikaliwa, na Kambale akaketishwa kiti cha mbele kwa amri ya mwenye nyumba, pamoja na wakubwa wa ukoo, akatambulishwa kuwa ndiye fundi wa nyekundu. Alirudi Arua kichwa kimevimba. Akawatangazia watu wa uchochoroni kwamba kuanzia siku hiyo asiitwe Tope na mtu, na anayebisha apande gari aende Koboko akajionee. Wawili walienda kweli. Walirudi wakicheka hadi wakaketi chini, ila Kambale alisema kucheka si hoja. Mwenye rangi amesema ndiyo hiyo.

Miezi miwili aliishi hivyo, akitembea kama mtu aliyelipiwa. Halafu Taban akapiga simu.

"Fundi, kuna shida. Mama amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kupasuliwa macho. Kuna madaktari wamekuja huko kwenu Arua. Yeye mwenyewe amesema nimulete. Tuko njiani sasa."

"Hiyo si shida. Hiyo ni baraka."

"Fundi," alisema Taban polepole, "siku tatu anarudi nyumbani. Ataiona."

Kambale alikaa juu ya pipa la gundi. Laetitia alimuuliza nani amekufa. Akamweleza. Laetitia alifikiri, kisha akauliza swali la haki kabisa: "Si ulitaka ionekane?"

Lakini yeye alikuwa anaona mbele. Aliona bandeji ikifunguliwa, na mama anashuka garini, na jaketi la bodaboda likimngoja limelala juu ya mume wake. Mtu mmoja tu duniani alikuwa amesema rangi yake ni yenyewe, na mtu huyo alikuwa analetwa mjini ili afunguliwe macho. Kesho yake alfajiri alipanda gari la Koboko na ndoo mbili za oksaidi tupu, ile ya ubao wa kwanza. Taban alikuwa amempa ruhusa kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyetua gunia. Kambale akapaka mkono mmoja, akangoja, akapaka wa pili. Mlafi alimeza kila kitu. Jioni kaburi lilikuwa limetulia, limepooza, la heshima, na lori la kwanza likapita bila honi.

Mama Kiden alirudi siku ya tatu karibu na saa sita, amevaa miwani nyeusi ya hospitali. Kambale alikuwa amebaki Koboko kungoja, kwa sababu hofu ikizidi mtu hawezi hata kukimbia. Mama alishuka bila kushikwa. Akavua miwani ingawa alikatazwa, akamtazama mwanawe.

"Taban, umezeeka."

Akageukia mgeni. "Wewe ndiye fundi? Nilifikiri uko murefu."

Kisha akatazama kaburi. Alilitazama kwa muda, akaenda karibu, akapitisha kidole kwenye pembe.

"Hii ndiyo bereti yake," alisema. "Hii hii kabisa."

Taban alishusha pumzi. Kambale naye alikuwa karibu acheke, maana ilikuwa rangi ile ile ya ubao wa kwanza, ile aliyoambiwa ni tofali, na sasa imesemwa ni yenyewe kwa macho mazima, mchana, mbele ya shahidi. Mtu angetaka nini tena?

"Na ile yangu iko wapi?" Mama Kiden aliuliza.

"Ile gani, mama?"

"Ile uliniletea. Nyekundu yangu."

Kambale alilamba midomo. "Mama, ile haikuwa sawa. Haikufanana na bereti."

"Mimi nilifua bereti ile miaka thelathini, fundi. Unataka kunifundisha ilikuwa namna gani? Ilikuwa hivi, mbaya hivi hivi, inaharibu maji ya kufulia." Aliivaa tena miwani, akaivua tena. "Zile mbao zako za kwanza sikuona hata moja. Nilisema tofali kwa sababu mafundi wote wanaleta tofali, na niliona haya kusema sioni kitu. Miaka sita nilikuwa naona maziwa. Asubuhi maziwa, jioni maziwa, sura ya mutoto yangu maziwa. Halafu siku ile kitu kikapita katikati ya maziwa. Ndiyo nikasema, wacha wanikate, niende kuona kitu hiki vizuri. Nimelala pale, mutu anashika kisu juu ya jicho yangu, na nafikiri hiyo tu. Sasa nani amekutuma uifunike?"

 Taban alikumbuka simu ya muhimu, akaenda kuipiga nyuma ya nyumba.

"Iko imebaki kidogo," alisema Kambale hatimaye. "Kopo liko stoo. Ngoja, mama."

Alikimbia. Mzee wa miaka hamsini na miwili alikimbia, nawaambieni. Alileta kopo, akaleta nyeupe, akachagua pembe ya kichwani mwa kaburi, akapaka nyeupe, akaipepea kwa kofia yake mpaka ikakauka, akapaka nyekundu mikono mitatu myembamba, akipepea kila mmoja. Mama Kiden alisimama juu yake muda wote huo, amekunja mikono, kama watu wanavyongojea mgeni kwenye stendi. Jua lilikuwa la saa saba, kali. Mkono wa tatu ulipokauka, pembe ile ikawaka. Iliwaka vilevile kama siku ile, na Kambale akaondoka mbele yake ili mama apate kuona.

Mama aliona. Aliinama, akasogea, akarudi nyuma, akatazama tena.

"Siyo," alisema.

"Mama?"

"Siyo hii. Hii iko jaketi ya bodaboda."

"Mama, ni hii. Ni kopo ileile."

"Fundi." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ndani yake mlikuwa na huzuni ya kweli. "Mimi niliiona. Haikuwa hivi. Ile ilikuwa..." Alitafuta neno, mkono ukazunguka hewani, neno halikuja. "Hii ni kitu ya barabarani. Umenibadilishia."

Maelezo yote yalikuwa mdomoni mwa Kambale, yamejipanga. Kopo ni lile, vijiko ni vilevile, mkono ni uleule, jua ni lilelile. Kilichobadilika kilikuwa kimoja, na daktari ndiye aliyekitoa, akakitupa kwenye beseni pale Arua. Ilitosha kusema hivyo tu, na jina lake lingebaki safi. Angebaki kuwa fundi wa nyekundu, mtu aliyewahi kuipata. Alifungua mdomo. Akamtazama mama, aliyekuwa bado anaikagua ile pembe, akiinamisha kichwa huku na huku, akiitafuta. Angemwambia kwamba kitu kile hakikuwahi kuwa juu ya kaburi, kilikuwa ndani ya yale maziwa ya macho yake. Kwamba amelala chini ya kisu ili akione vizuri, na kisu ndicho kilichokiondoa, na hata angesafiri dunia nzima hatakiona tena.

Roho ilimuuma. Nusura aseme.

"Umenikamata, mama," alisema Kambale. "Unga ile ya kweli iliisha. Hii niliiga."

Mama Kiden aliitikia kwa kichwa, taratibu. Uso wake ulilegea, karibu ufurahi. "Nilijua. Sasa naona vizuri, fundi. Hutanidanganya tena."

"Hapana, mama."

"Ile ya kweli inaweza kupatikana?"

"Yule aliyekuwa anaiuza amerudi Kongo."

"Basi iko mahali fulani," alisema, akavaa miwani yake. "Funika hii, watu watacheka."

Kambale akachukua ndoo ya oksaidi, akapiga magoti, akaanza kuifunika ile pembe. Mama Kiden alivuta kiti akaketi nyuma yake, na kwa macho yake mapya akawa anamwonyesha kwa fimbo kila mahali aliporuka: pale bado, fundi, na pale, bado inaonekana.